Zamu ya Kanali

Sechelela mwanangu,

Mbukwa, kwa salamu yetu Wagogo. Ukiikuta karatasi hii juu ya begi lako usidhani nimekimbia. Niko barazani na baba yako. Nimeamua kuandika kwa sababu mdomo wangu unaujua. Mdomo wangu ukiachiwa hufika kabla ya ukweli, unavuta kiti, unaagiza chai. Kalamu inanichelewesha. Mtu wa darasa la saba kama mimi, tena darasa la saba lenyewe nililosoma mguu mmoja ndani mguu mmoja machungani, kila neno analivuta kama ndoo kutoka kisimani, na anayevuta ndoo hapati nafasi ya kupamba.

Mambo ya soksi, sabuni, mafuta ya mgando na jinsi ya kuficha nauli, siyagusi. Mama yako mdogo Foibe ameshayasema, na asubuhi atayasema tena mpaka kwenye mlango wa basi. Mimi nina jibu moja tu la kukupa. Leo asubuhi kabla hujapanda gari la Mlali kwenda kuaga ndugu, ulinishika mkono pale getini ukasema, "Bamdogo, kesho alfajiri nikirudi unijibu kitu kimoja. Baba amekukabidhi zamu, au hajakukabidhi? Kama hajakukabidhi, siendi. Chuoni wataita mwingine." Halafu ulipokwisha kugeuka ukarudi ukaniambia, "Na usinipambie."

Hilo "usinipambie" nimetembea nalo kutwa kama mwiba uliovunjikia kisiginoni.

Nitakujibu. Lakini niache nifike kwa njia yangu, maana ni ndefu, na nikikujibu kwa mkato hutanijua mtu unayemwachia baba yako.

Mtaa mzima wa Makole wanajua kwamba mimi Yoeli ndiye niliyemfundisha Kanali kuogelea. Wanajua kwa sababu nimewaambia mwenyewe. Kwenye ile hadithi yangu ya baa, lambo la Mlali lina kina cha minazi mitatu, na humo mna mamba mzee aliyewajua watoto wa kijiji kwa majina na ukoo. Mimi namshika mamba taya, namwambia kaka, "Pita!" Wafanyakazi wa serikali waliohamia juzi kutoka Dar es Salaam hunisikiliza mdomo wazi, wananinunulia soda, wakati mwingine si soda.

Ukweli ni kwamba lambo lile lilikuwa bwawa la kunyweshea ng'ombe, maji yake rangi ya chai ya maziwa, na mimi nilikuwa nalia ukingoni kamasi zimenifika kidevuni. Kaka yangu ndiye aliyekuwa akivuka. Alikuwa anashika mkia wa ng'ombe, ng'ombe anaogelea, naye anaburutwa. Siku moja mkia ukamponyoka katikati. Akatazama jinsi ng'ombe anavyofanya, akafanya vile vile, kichwa juu, miguu inapiga chini kama anakimbia. Akafika. Hakuna aliyemfundisha zaidi ya ng'ombe.

Ndiyo maana alipoingia jeshini, na afande mmoja akauliza ni nani kati ya makuruta anajua kuogelea, baba yako akanyoosha mkono pamoja na vijana wa Tanga na Mafia. Walipotupwa majini wenzake wengi walikwenda kama samaki. Yeye akaenda kichwa juu, macho mbele, anapuliza pua. Wakacheka mpaka wakashikana. "Mgogo anaogelea ng'ombe!" Wakamwita Ng'ombe. Jina hilo lilimfuata mpaka alipokuwa na nyota begani, na hakuwahi kumkasirikia mtu. Aliniambia, "Wale wote waliokuwa wanacheka, Yoeli, afande aliwaita pembeni, akawaambia: huyu amesema anajua, na kweli anajua. Vibaya, lakini anajua. Nyinyi wawili mmesema mnajua, na nimewatoa kwa kamba."

Mimi hadithi hiyo nikaipokea, nikaikarabati, nikaitia papa.

Nakuandikia haya nikijua unatabasamu. Subiri kidogo.

Baba yako akawa ofisa wa wanamaji. Jeshi la maji la kwetu lina vyeo vya nchi kavu, kwa hiyo akapanda Luteni, Kapteni, Meja, hivyo hivyo mpaka Kanali, mtu wa meli anaitwa kama mtu wa vifaru. Alisomeshwa nchi ya baridi ambako alisema bahari inatoa moshi. Aliongoza boti za doria, halafu akafundisha vijana, halafu akawa mkubwa wa wakubwa, na kila alipopanda ngazi moja mimi huku nilipanda mbili. Alipokuwa Meja nilisema ni Kanali. Alipokuwa Kanali nilikwisha kumfanya Jenerali, ikabidi nimshushe kimya kimya alipostaafu. Sikuwahi kufanya kazi ya maana, mwanangu, lakini kazi ya kuwa mdogo wake niliifanya kwa bidii.

Sasa kuna jambo la Gairo.

Kwenye ukoo wetu mtu akichelewa harusi tunasema, "Yuko Gairo." Ahadi isiyotimia, iko Gairo. Na wewe unasema, nimekusikia kwenye simu. Unajua lilitoka wapi: bibi yako alipokuwa mgonjwa Mlali, mimi nilimwambia kaka yuko Gairo, gari limepata pancha. Watu wanacheka. Hata mimi huwa nacheka, nikiwa na watu.

Nikiwa peke yangu iko hivi. Mama alikuwa amelala kwenye chumba cha mbele ili aone barabara. Kaka alikuwa doria, mbali, na kule kambini waliniambia kwa simu hawawezi kumrudisha kwa sasa. Nikarudi ndani. Mama akauliza, "Mkubwa wako yuko wapi?" Angalia, nilikuwa na jibu mkononi. Ningesema, "Mama, yuko baharini, hawezi kuja." Lakini mimi sijawahi kumpa mtu jibu kavu. Nikasema, "Yuko Dodoma mjini, anatafuta gari." Uso wake ukafunguka. Ule uso, mwanangu! Nani angeacha kuutafuta tena? Kesho yake nikamsogeza kaka, kila siku namsogeza. Nilimleta mpaka Gairo, nikakumbuka kwamba mtu anayetoka mjini kuja Mlali hapiti Gairo, nikasema amepitiliza kwa usingizi. Foibe akanikonyeza niache. Nikaongeza pancha.

Mama akawa hataki kula kwanza. "Nitakula naye." Mchungaji akaja, akamuuliza kama ana neno la kuwaachia watoto. Akasema, "Ninalo la mkubwa. Nitamwambia mwenyewe akifika."

Hilo neno hatunalo. Alikwenda nalo. Kama ningemwambia kweli, angeniambia mimi, nami ningelibeba, hata kama ningelitia chumvi njiani lingefika limechoka lakini lingefika.

Kaka alikuja tumeshazika. Hakulia mbele za watu. Jioni aliniita nyuma ya zizi. "Mama aliuliza nini?" Nikamwambia. "Ukamjibu nini?" Nikamwambia, pancha na yote. Nilijua atanipiga, nilitamani anipige. Alikaa kwenye gogo, akanisimulia jambo ambalo nadhani hata mama yako, Mungu amrehemu, hakulisikia lote.

Alikuwa Luteni, kijana, zamu yake ya kuongoza boti. Kijana mwingine yuko nje, kazi yake kuangalia upande wa kulia. Baba yako akamuuliza, "Kulia kuna nini?" Yule kijana alikuwa ameona kitu kama mwanga, halafu hakuuona tena. Hakujua ni nini. Akaogopa kusema hajui, kwa sababu baba yako siku zile alikuwa mkali, mtu akisema "sijui" anamwita mzigo wa nazi. Akajibu, "Hakuna kitu, Afande." Wakapita. Kulipokucha, wakiwa wanarudi, wakakuta mbao zinaelea, na mtu mmoja amekumbatia dumu. Walipompandisha akasema, "Tuliwaona mkipita. Tulikuwa wanne."

"Yule kijana sikumwadhibu," kaka aliniambia. "Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba 'sijui' ni aibu." Tangu siku ile, kwenye kila chombo alichoongoza, aliwaambia walio chini yake: niambie unachokiona, usichokiona sema hukioni, usichokijua sema hukijui, hutapigiwa kelele. Ukiniongezea kitu ili nifurahi, hapo ndipo tutagombana.

Kisha akasimama, akapangusa suruali, akaniacha kwenye zizi. Hakunitajia Gairo tena mpaka leo.

Na mimi nilifanya nini na hadithi ile? Niliipeleka baa. Nikabadilisha dumu kuwa pipa la dhahabu. Ndiyo, Sechelela. Dhahabu.

Sikuandikii haya unihurumie. Nayaandika kwa sababu kesho unakwenda kuwa mtu wa kuulizwa "kulia kuna nini", na baada ya muda utakuwa mtu wa kuuliza. Mimi kuhusu kujibu sina cha kukufundisha. Kuhusu kuuliza, nimekaa karibu na mtu aliyejua, na kitu kimoja nimekiona: waliokuwa wanamwogopa walimdanganya, waliokuwa wanampenda kwa pupa, kama mimi, walimdanganya pia. Sijui unafanyaje na hilo. Utaona mwenyewe.

Alipostaafu alirudi akajenga hapa Makole, watu wakashangaa. Mtu wa bahari anakuja kukaa mahali ambapo maji yanakuja bombani kwa mgao! Mimi nikawaambia amechoka kulowa. Mama yako alipofariki, kusahau kukaanza. Kwanza funguo, halafu njia ya sokoni, halafu majina. Ulipotuita mimi na Foibe tuhamie kukusaidia nilikuja na magunia ya karanga na hadithi zangu, nikidhani ninakuja kuchangamsha nyumba.

Nikakuta zamu.

Wewe uliianza, au yeye aliianza, sijawahi kukuuliza. Jua likienda kuzama anavaa kofia yake ya zamani, anatoka, anasimama barazani, mikono nyuma. Hali, hakai, halali, mpaka mtu aje apokee zamu. Unasimama mbele yake. Anauliza: mbele, kushoto, kulia, upepo, nyuma. Unajibu kilichopo. Anasema, "Zamu nakukabidhi." Unarudia kama wanavyorudia amri melini, "Nimekabidhiwa zamu, Afande." Hapo mabega yanashuka. Anavua kofia, anauliza, "Chakula kiko tayari?" Anakuwa baba tena, anakula mlenda kama kijana, analala mpaka asubuhi. Daktari alisema endeleeni, kama inamtuliza msiivunje.

Mimi nilikuwa nawatazama dirishani. Niliona ni mchezo mzuri. Nilifikiri wewe unaucheza bila chumvi kwa sababu hujui kusimulia.

Basi ukaenda Dar es Salaam kwenye usaili. Yaliyotokea unayajua, ulirudi ukamkuta mkono umefungwa plasta. Lakini ulisimuliwa na Foibe, na Foibe alikuwa na hasira akaruka mengi. Jioni ile nilitoka kifua mbele. "Mbele kuna nini?" aliniuliza. Nami nikaona geti, na geti ni kitu kidogo sana kumwambia Kanali mzima! Nikasema, "Meli tatu, Afande. Ya katikati inawaka moto, watu wanapiga kelele."

Nilitaka kumpa siku ya maana. Wallahi, ndicho nilichotaka. Nilitaka uso ule ufunguke.

Ulifunguka, kwa muda mfupi. Halafu akaniuliza, "Umechukua hatua gani?" Nikacheka. "Umechukua hatua gani, kijana?" Nikasema, "Tumeshawaokoa, Afande, wote wazima!" Akanitazama. Nadhani aliniona ninasema uongo lakini hakujua uongo uko kwenye moto au kwenye kuokoa. Hakunikabidhi. Akaingia ndani, mimi nikaenda kula, nikamwambia Foibe nimefaulu.

Alfajiri geti lilikuwa wazi. Firoz, yule wa duka la mabomba na kamba, alinisimulia alifika kufungua akamkuta Kanali ameketi kwenye ngazi za duka, kofia kichwani, miguu pekupeku, mkono wa kushoto umening'inia, maana alikwisha kuanguka mferejini. Akamwambia, "Kijana, fungua haraka. Nataka kamba ndefu. Kuna watu majini." Firoz hakubishana. Alifungua, akampa kamba, akampa na chai. Akampigia Foibe. Nilipofika kaka alikuwa anafunga fundo kwa mkono mmoja na meno, anatetemeka, na Firoz amemshikia ncha ya pili. Firoz akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mzee Yoeli, nani kamwambia kuna watu majini?" Nikasema, "Sijui, ugonjwa tu."

Ona. Hata pale.

Uliporudi hukunipigia kelele. Ningependa ungepiga. Ulisema, "Bamdogo, wewe ukisema uongo watu wanacheka wanakwenda nyumbani. Baba akiambiwa kuna watu wanazama, hawezi kwenda nyumbani." Foibe akadakia kutoka jikoni, "Na mwenye uongo alikula mabakuli mawili akalala!" Kweli nilikula.

Tangu hapo unajua nimejaribu. Kila jioni nilisimama nyuma yako, nikajifunza. Ukinisogeza mbele ananitazama juu mpaka chini. "Huyu ni nani?" Unamwambia, "Ni Yoeli, Baba. Mdogo wako." "Namjua mdogo wangu. Huyu si wa zamu. Huyu ni abiria." Abiria! Mimi niliyemshika mamba taya! Watoto wa jirani walisikia, sasa wananiita Mzee Abiria, na nikipita wanauliza nashukia wapi.

Leo basi, bila wewe.

Nilioga. Nilivaa shati la harusi. Foibe akaniuliza, "Unakwenda kuposa?" Nikamwambia anyamaze aombe. Nilitoka mapema nikatembea kila pembe ya kiwanja nione kilichopo, maana niligundua kwamba sijawahi kukitazama. Jua lilipoinama akatoka na kofia yake. Ninakuandikia jinsi ilivyokuwa.

"Nani hapo?"

"Yoeli, Afande. Nimekuja kupokea zamu."

"Mbele?"

"Geti, Afande. Limefungwa kwa komeo na kufuli. Nje ya geti kuna bodaboda imeegeshwa, haina mtu."

"Kushoto?"

"Tangi la maji. Nimeligonga. Liko chini ya nusu."

"Kulia?"

"Ukuta wa jirani. Nyuma yake mtoto analia. Sijui analilia nini."

Niliposema "sijui" aligeuza shingo akanitazama vizuri. Mdomo, mwanangu, ulikuwa unawasha. Nilikuwa na sababu tano za yule mtoto kulia, nzuri zote. Nikazimeza.

"Upepo?"

"Wa mashariki. Una vumbi."

"Nyuma?"

"Nyumba, Afande. Foibe yuko jikoni. Hakuna mwingine."

Halafu akauliza kile ambacho kutwa nzima nilikuwa naomba asiulize. "Yule binti yuko wapi?"

"Yuko Mlali. Amekwenda kuaga. Kesho anaondoka kwenda chuo cha maofisa. Amechaguliwa wanamaji."

"Nani alimruhusu?"

"Wewe, Afande. Ulimwekea mkono kichwani."

"Sikumbuki."

"Najua."

"Atarudi lini?"

"Sijui, Afande."

Foibe alikuwa amesimama nyuma ya pazia na mwiko, nasikia anavyopumua. Kaka akatikisa kichwa polepole, vile alivyokuwa akifanya zamani mtu akimpa jibu la maana. Akasema, "Taarifa nzuri."

Nilikwisha kufungua mdomo kurudia amri.

Akasema, "Lakini sikukabidhi. Namsubiri yule anayekuja kila siku."

"Leo haji, Afande."

"Basi nitasubiri."

Ndiyo hivyo. Hajanikabidhi.

Foibe alinivuta jikoni. Alikuwa analia na kukasirika pamoja, unamjua. Akasema, "Usimwandikie mtoto hilo. Mwandikie amekupa. Akisikia baba yake anamsubiri yeye, hataondoka, atazeekea kwenye hii baraza. Uongo mmoja tu, Yoeli! Umesema elfu bila kuombwa, huu mmoja unaoombwa ndio unakushinda?" Ana akili kuliko mimi. Na ningeweza, Sechelela. Ningekuandikia jinsi alivyonipigia saluti, jinsi machozi yalivyomtoka, ungepanda basi ukicheka na ungecheka mpaka Morogoro.

Lakini umeniuliza kulia kuna nini.

Nilirudi nje na kiti. Kaka akasema, "Abiria, nenda ndani." Nikamwambia naomba nikae. Akafikiri. "Kaa. Usiongee." Nikakaa. Nimempelekea chakula, amekula kidogo akiwa amesimama, sahani ameishika kwa mkono ule uliopona vibaya. Miguu ikamchosha akakaa. Hatujasema neno. Sijawahi kukaa na ndugu yangu muda mrefu namna ile bila kusema neno, na nimegundua anaimba wimbo kwa pua, wa machungani, sijui kama amewahi kuacha kuuimba miaka yote hii, mimi nikiwa naongea juu yake.

Sasa amesinzia kwenye kiti. Amelala na zamu yake mkononi, mtu ambaye hajawahi kusinzia zamuni, na hilo limeniuma kuliko mkono kuvunjika. Nimemfunika koti. Kofia sikuigusa.

Kilichoonekana nimekwisha kukuambia. Hili linalofuata si taarifa, ni mimi tu: nataka uende. Sisemi itakuwa rahisi, wala sisemi kesho atanikubali. Kesho jioni nitasimama tena nimwambie geti, tangi, ukuta. Atakuulizia. Nitamwambia uko chuoni, atasema hakumbuki, nitasema najua. Keshokutwa hivyo hivyo. Inawezekana akafa bila kunikabidhi. Inawezekana siku nyingine asikae wala asile, nami nisijue la kufanya, nikupigie simu nikuambie sijui la kufanya. Hilo nakuahidi: nitakupigia nikiwa sijui. Nikikuambia amekula, ujue amekula.

Ukiona bado huwezi, fungua begi, tutakula uji pamoja, na hakuna mtu nyumba hii atakayekulaumu. Ukiona unaweza, mwamshe umuage. Usiogope kumwamsha. Mwambie unakokwenda, hata kama atasahau kabla hujafika getini, atakuwa ameambiwa.

Zamu hajanipa. Aliye macho ni mimi.

Bamdogo wako,
Yoeli